Kobe wa Papa Neema

Yule mama mzungu aliingia ukumbini tukiwa tunapakua chakula, na mimi nikamwaga mchuzi. Tena si kidogo. Nilikuwa nimeshika upawa, namwekea mchungaji nyama, macho yakanienda mlangoni, mchuzi ukaishia kwenye shati lake jeupe. Watu wakadhani ni uchungu wa msiba, wakaninyang'anya upawa, "Pole, Auntie Chebet, hebu kaa kidogo." Uchungu ulikuwepo, kwa maana asubuhi hiyo tulikuwa tumetoka kumzika Papa Neema, babake Neema. Lakini kilichonimwagisha mchuzi kilikuwa hofu, tena hofu kuukuu ambayo nilidhani ilishakufa kabla yake. Nywele za yule mama zilikuwa nyeupe sasa na magoti hayakuwa yakimtii vizuri, ila nilimtambua papo hapo. Nilimwona mara moja tu maishani, katika ofisi ya mbunge mmoja, nikiwa na miaka ishirini na miwili. Alikuwa amebeba kitu bapa kilichofungwa kwa blanketi. Nilijua ni nini kabla hajakifungua. Nikamtafuta Neema kwa macho, nikamwona yuko kwenye viti vya mbele na watoto wake, nikasema moyoni, Mungu wangu, leo huyu mtoto ataambiwa.

Nilikotoka na jinsi nilivyofika Marekani si hadithi ya leo. Leo nataka mwaka mmoja tu, mwaka niliopanga chumba Hyattsville, kando ya mji mkuu wao, kwa Bi Mwanaidi. Huyu alikuwa Mtanzania wa Tanga, mjane, mwenye nyumba ya vyumba vinne na mdomo usio na breki. Juu tulilala wanawake. Chini, kando ya mashine ya kufulia, alilala Papa Neema, Mkongo wa Bukavu, mwanamume mrefu mpole aliyepakia maboksi katika ghala mchana kutwa. Maisha yetu yote yalikuwa jikoni, kwenye meza iliyotandikwa plastiki ya maua, televisheni ndogo ikiwa juu ya friji. Kila jioni tulikula pamoja na kila jioni tuligombana kwa chakula. Mimi nilitaka ugali mgumu na sukuma. Papa Neema alitaka sombe, yale majani ya muhogo ya kwao. Bi Mwanaidi alitia nazi ya kopo katika kila kitu, hata kwenye maharagwe ambayo hayakumkosea, na ukilalamika alikuambia, "Jiko la nani hili, mwanangu?" Basi unakula, unanyamaza. Hata leo nikisikia harufu ya nazi inayochemka, kwanza natega sikio, ndipo nakumbuka kuwa vita imeisha, kwetu sisi angalau.

Maana mwaka ule ulikuwa wa vita kule kwao Papa Neema, na vita ile ilikaa nasi mezani kama mpangaji wa tano. Papa Neema alikuwa mwalimu wa kuchora. Siku moja alimchora kanali mmoja akiwa na mdomo wa mamba, akaibandika picha ukutani sokoni, na wiki ile ile wakaja kumtafuta kwa bunduki. Akakimbia peke yake, akidhani mkewe na binti yake Neema watamfuata baada ya mwezi. Mwezi ukawa miaka. Alipopewa hifadhi hapa aliwaombea makaratasi ya kumfuata, na makaratasi yakakwama mahali fulani ambapo hakuna aliyepajua. Vita ikasogea mpaka mtaani kwao. Alikuwa akipiga simu kwa zile kadi za kukwangua, na sauti yake ilipanda hadi chumbani kwangu kupitia tundu la hewa ya joto sakafuni. Sikuwa nasikiliza makusudi, lakini ungefanyaje? "Neema, kula. Kula kidogo tu, papa anakuomba. Mama yako iko wapi? Mutoke kwa dirisha. Mi nasema mutoke kwa dirisha!" Halafu kadi inaisha, na kimya kinachofuata ndicho kilichoninyima raha, kwa sababu hutajua kama ni kadi iliyoisha au ni kitu kingine.

Ndipo tukamwona yule mbunge kwenye televisheni. Jina simtaji, na msijisumbue kukisia. Alikuwa mtu mkubwa, mchangamfu, mwenye meno mazuri, na kila alipoulizwa juu ya vita ya Kongo alisema neno lile lile kwa namna tofauti: vita hiyo haituhusu, Marekani ina mambo yake, wanaokimbia wabaki huko waliko, milango yetu ifungwe. Alisema hayo akitabasamu. Bi Mwanaidi alizima televisheni kwa mwiko. Papa Neema alisubiri meza ifutwe, akaenda chini, akarudi na karatasi na kalamu ya wino, akaanza kuchora.

Picha ya kwanza ilimwonyesha mbunge amelala kwenye beseni la kuogea huku nyumba ya jirani ikiwaka, naye anaomba mtu amfungie dirisha moshi usimharibie sabuni. Tulicheka mpaka Bi Mwanaidi akashika mbavu. Maneno niliandika mimi, kwa sababu mwandiko wangu ulikuwa mzuri na kwa sababu Kiswahili cha Papa Neema, Mungu amrehemu, sisi wengine tulikifuata kwa shida. Tukaibandika kwenye mlango wa duka la Mkameruni mmoja, pale watu wetu waliponunua unga, dagaa na kadi za simu. Wiki iliyofuata tukabandika nyingine. Ikawa desturi. Watu walikuja kununua kadi, wakasimama mlangoni wakacheka kwanza, ndipo wakaenda kupiga simu na kulia. Nilikuwa na fahari, sikufichi. Mchana nilikuwa nabadilisha mashuka ya wagonjwa, hakuna aliyeniuliza naonaje dunia, lakini kwenye mlango ule mtu alikuwa anatetemeka kwa kicheko kwa maneno niliyoyaandika kwa mkono wangu.

Picha iliyowapendeza kuliko zote ilikuwa ya kobe. Kobe mkubwa, mnene, gamba lake limejengwa kama nyumba ya kifahari, lina mapazia na makufuli, na kwa nje risasi zinanyesha kama mvua. Kichwa chake kiko ndani, unaona meno tu yanang'aa gizani, na kwa meno hayo kila mtu alimjua. Mlangoni kuna mkono mdogo wa mtoto, hauna mwili, ni mkono tu unaobisha. Juu ya mkono niliandika "Hodi!" na ndani ya gamba nikaandika "Hatupo!" Hebu fikiria mtu anayejibu hodi kwa kusema hayupo. Kwetu hata mchawi hafanyi hivyo. Watu walikuwa wakipita barabarani wanapigiana kelele, "Hodi!" "Hatupo!" wanaanguka kwa kicheko. Halafu siku moja picha ikatoweka mlangoni. Mkameruni aliapa hajui nani kaibandua. Papa Neema akaogopa. Kwao picha ikibanduliwa na mtu asiyejulikana, kinachofuata ni buti kwenye ngazi. Siku kadhaa alikuwa hakai karibu na dirisha, na gari likisimama nje alinyamaza na tonge mkononi mpaka liondoke.

Katikati ya hofu hiyo ndipo wakili wa kanisani alipotuambia jambo. Hapa, alisema, makaratasi yakikwama unakwenda kwa mbunge wako, ofisi yake inawaandikia wahusika barua, na mara nyingi faili linatikisika. Ni desturi yao, hata kama hukumpigia kura. Basi mbunge wa Papa Neema ni nani? Makaratasi yake yote yalikuwa bado na anwani ya kule alikopokewa mwanzo, kaunti nyingine kabisa. Wakili akatazama, akataja jina. Alikuwa Kobe.

"Ile muntu?" akasema Papa Neema. "Mi niende kupigia ile muntu magoti?"

"Ukitaka cha mvunguni sharti uiname," akajibu Bi Mwanaidi.

"Mama Mwanaidi, mi niliinama sana. Mugongo inauma."

"Na mtoto je? Mgongo wa mtoto haumi? Jamani, baba wee, hujui hata kama wiki hii wamekula!"

"Na kama ni yeye aliyechukua picha?" nikauliza mimi. "Kama wanajua nani amechora? Si watalitupa faili kabisa?"

Bi Mwanaidi alianza kukusanya sahani ambazo zilikuwa bado na chakula. Papa Neema alitazama mikono yake, mikono yenye wino ambao hautoki, kisha akaniuliza kama nitakwenda naye kumsemea, maana Kifaransa chake kilikuwa kizuri lakini Kiingereza kilikuwa cha maboksi tu. Nikasema nitakwenda. Asubuhi ya safari nilimkuta anajisugua vidole kwa limau na chumvi.

Tulipanda treni ya mstari wa kijani, tukabadilisha, tukatembea mpaka lile jengo la mawe la ofisi za wabunge ambalo korido zake zinakufanya unong'one bila kuambiwa. Papa Neema alivaa suti aliyoazimwa, mikono ikiwa mifukoni. Aliyetupokea alikuwa mama mmoja mzungu wa miaka thelathini na kitu, msaidizi wa mbunge katika mambo ya makaratasi. Mambo mawili niliyaona nikayapita. Jina la ukoo la Papa Neema, Mushagalusa, ambalo hata mimi lilikuwa linaninasa ulimini, yeye alilitamka sawasawa. Na alipopewa bahasha aliipokea kwa mkono wa kulia, wa kushoto ukigusa kiwiko, kama tulivyofunzwa nyumbani kupokea kitu kwa mtu wa heshima. Nikasema, kumbe wapo wenye adabu. Akatuingiza ofisi ya ndani, tukakaa, nikainua macho. Ukutani, nyuma ya meza ya mbunge, ndani ya fremu ya mbao na kioo, alikuwepo kobe wetu.

Papa Neema alikuwa ameshamwona. Nilisikia pumzi yake. Nikafikiria mlango uko wapi. Nikafikiria kama wanaweza kutushika hapo hapo, na nani atamwambia Bi Mwanaidi. Yule mama alikuwa anasoma faili kwa sauti, tarehe ya kuzaliwa ya Neema, jina la mama yake, na sauti yake ilikuwa imekauka, nikadhani ni dharau. Mara mlango ukafunguka, akaingia mbunge mwenyewe, mkubwa kuliko kwenye televisheni, ananukia pipi za mnanaa. Alitusalimia kwa mikono yote miwili. Akauliza tunatoka wapi. Nikasema Afrika ya Mashariki, na huyu ni wa Kongo. Uso ukamchangamka.

"Basi nyinyi ndio watu wenyewe," akasema. "Mnaijua lugha hii?" Akaonyesha picha. "Wapiga kura wangu waliniletea. Kila mgeni ananiuliza imeandikwa nini, na hapa ndani hakuna wa kunijibu."

Na hapo ndipo nilipoelewa, na sikujua nicheke au nizimie. Alidhani anasifiwa! Kwetu kobe akirudisha kichwa ndani ni mwoga, kila mtoto anajua. Lakini katika jimbo lile tulilokaa kobe ni fahari yao. Chuo chao kikuu kina kobe wa shaba, wanafunzi wanampapasa pua wapate bahati ya mtihani, watu wanavaa kobe kifuani. Sisi tulikaa Hyattsville, mwendo mfupi tu kutoka chuo hicho, na hakuna hata mmoja wetu aliyejua. Mbunge akasema anampenda sana huyu kobe imara, kwenye nyumba yake, mvua inanyesha wala hatikisiki, na mtoto amekuja kumsalimia. Sivyo? Akanitazama mimi, anasubiri.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili na hasira ya kutosha kuchemsha sufuria. Nilitaka kumwambia. Walahi nilitaka. Nilimwona Neema nisiyemjua amejikunyata chini ya dirisha, nikamwona huyu anatafuna pipi, na maneno yakaja yamejipanga kwa Kiingereza safi. Nikafungua mdomo. Papa Neema akaweka mkono juu ya mkono wangu, mzito, na kucha bado zina wino. Kalamu ya yule mama msaidizi ilianguka sakafuni na hakuinama kuiokota.

"Mtoto anasema, naweza kuingia?" Papa Neema alisema mwenyewe kwa kile Kiingereza chake cha maboksi, neno moja baada ya jingine. "Kobe anasema, karibu. Ingia."

Mbunge alicheka kwa furaha mpaka akapiga meza. Akamtaka msaidizi aandike kikadi cha maneno hayo kwa Kiingereza, akibandike chini ya picha. Akamshika Papa Neema bega, akamwambia yule mama, "Mwandikie huyu bwana barua yake," kisha akatoka, na nikamsikia anacheka koridoni.

Kwenye treni nililia kwa hasira. Abiria walikuwa wanatazama pembeni.

"Umemfanya malaika!" nikamwambia. "Ile picha ilikuwa kweli, Papa Neema! Watu wa dukani walicheka kwa sababu ni kweli!"

"Chebet, acha."

"Siachi! Umemwuza kobe wako mwenyewe!"

"Siko nimemuuza," akasema. "Ile kobe mi njo nilimuchora. Ni yangu. Nikitaka afungue mulango, atafungua."

Jioni ile Bi Mwanaidi alipika wali na samaki wa nazi kana kwamba ni sikukuu. Papa Neema aliomba jambo moja: Neema akija, asiambiwe kamwe. Alitaka mtoto amjue baba aliyemchora kanali na mdomo wa mamba, basi, asijue kuwa alimfurahisha ile muntu. Tukaapa, Bi Mwanaidi kwa dini yake na mimi kwa yangu. Hakuchora tena mwanasiasa. Alichora kadi za harusi na matangazo ya kanisa. Mbunge aliendelea kusema yale yale kwenye televisheni, na Papa Neema alikuwa anainuka kwenda kuangalia nguo kwenye mashine. Kabla theluji haijaanza, Mama Neema na Neema walitua uwanja wa ndege. Neema alikuwa mdogo kuliko nilivyomwazia, amejificha kwenye sketi ya mama yake, na baba yake alipiga magoti pale kwenye sakafu ya uwanja, bila kusukumwa na methali ya mtu.

Neema alikua akijivunia yule kanali. Shuleni aliandika insha juu yake. Mazishini alisimama akasema kwa Kiingereza kwamba baba yake hakuwahi kuinama mbele ya mwenye nguvu, na mimi na Mama Neema, aliyekuwa ameambiwa na mumewe, tukatazama chini. Sasa unaelewa kwa nini mchuzi ulimwagika. Niliacha sahani, nikamkabili yule mama mzungu katikati ya ukumbi nimzuie, lakini Neema alikuwa ameshafika na kumpa mkono.

"Poleni sana na msiba," akasema yule mama. Kwa Kiswahili. Kiswahili cha kwetu, kinachotembea. "Nilisoma tangazo, nikaona nisikose."

Nilishindwa kufunga mdomo. Akanitazama, akatabasamu kidogo. Alisema kabla ya kazi za ofisi alifundisha hesabu Singida, miaka miwili, na aliporudi kwao kilichomtesa ni hamu ya dagaa. Ndiyo maana alikuwa anakwenda duka la Mkameruni. Alimwona kobe mlangoni, akacheka pale nje mpaka akakaa chini. "Niliibandua mimi," akasema. "Nikamwambia bosi ni zawadi ya wapiga kura. Kila asubuhi alikuwa ananipa kazi ya kuwajibu watu kwamba hatuwezi kuwasaidia, na kila asubuhi nilikuwa natazama nyuma yake, naisoma. Ilinisaidia kubaki." Akamgeukia Neema. "Siku ile baba yako angesema kweli, bosi angeuliza nani kaileta, na mimi ningefukuzwa kabla ya chakula cha mchana. Hakujua ananiokoa, nami nilipoona wino kwenye kucha zake nikajua ni nani aliyemchora kobe. Barua iliandikwa, ndiyo, lakini Mheshimiwa alikuwa amesahau faili lenu kabla hajafika kwenye lifti. Mimi ndiye niliyekuwa nikipiga simu kila Jumatatu, mpaka wakanichoka."

Akafungua blanketi. Neema alikuwa ananitazama mimi, si picha. Ikabidi nimweleze yote pale pale, kati ya sufuria na viti vya kukodi: beseni, duka, hodi, hatupo, na kile baba yake alichosema alipoulizwa. Sikulainisha. Neema anaelewa Kiswahili chote lakini hujibu kwa Kiingereza, na wakati huo hakujibu kwa lugha yoyote. Aliinama juu ya kioo, akasoma maneno yangu polepole kama mtoto wa darasa la kwanza. "Hodi. Hatupo." Akacheka, na kilikuwa kicheko cha Papa Neema hasa, kinachoanzia puani. Kisha akaingiza ukucha chini ya kile kikadi cha Kiingereza, kile kilichosema karibu, ingia, akakibandua kwa hasira na kukitupa mezani.

"Hii ndiyo niliyotaka," akasema kwa Kiingereza. "Kazi yake ya kweli." Kisha akagusa kioo. "Na mkono huu, Auntie, ni wa nani?"

"Wako," nikamwambia. "Ni kwa ajili yake kobe alifungua mlango."

Aliutazama tena ule mkono. Mama yake alikuwa amekuja kusimama nyuma yake, na hakuna aliyemwambia Neema afanye nini. Neema alikitafuta kile kikadi kati ya vikombe, akakifuta mchuzi kwa kitambaa chake cha kichwani, akakirudisha chini ya picha, akakibana kwa kidole gumba mpaka kikashika.